Krimu ya ganzi kabla ya kuchukuliwa kinyama cha titi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina uvimbe kwenye titi, na wiki ijayo nachukuliwa kinyama chake kikapimwe. Wifi yangu alifanyiwa mwaka jana, anasema sindano ya ganzi ilimuuma kuliko kipimo chenyewe. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniuzia krimu ya ganzi. Anasema nijipake titi zima asubuhi, nizungushie nailoni, nikifika hospitali sitasikia kitu. Nifanye hivyo?
Mama J., Tabata

JIBU: Marahaba mama. Usijipake.

Wifi yako hajakudanganya. Lignokaini, dawa ya ganzi tunayotumia, ina tindikali, na ile yenye adrenalini ina tindikali zaidi, ndiyo maana inachoma kama moto ikiingia. Lakini sehemu kubwa ya maumivu hayo iko mkononi mwa anayechoma. Mimi huchanganya sehemu moja ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4 na sehemu tisa za lignokaini, papo hapo kabla ya kuchoma, tindikali ipungue. Chupa haitoki kwenye friji moja kwa moja, naishika kiganjani hadi ubaridi uishe. Natumia sindano nyembamba, naanza na kiuvimbe kidogo cha dawa chini ya ngozi, kisha naisogeza ndani taratibu, nikipitia pale palipokwisha kufa ganzi. Halafu nasubiri dakika chache. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanasukuma dawa yote kwa mara moja, wanachukua kinyama hapo hapo, mama akiruka anaambiwa ajikaze. Ajikaze kwa nini, na dawa haijapewa muda?

Kabla hajaanza, mwambie daktari wako, "Naomba unichome polepole, na unisubiri nife ganzi." Mwombe pia akusikilizishe mlio wa bunduki ya kipimo, kile kifaa kinachochukua kinyama, akiifyatua hewani. Unalia "tak!" kama stepla, na asiyeuzoea hushtuka hata pasipouma.

Sasa krimu. Wiki haipiti bila mtu kunijia na tyubu kwenye mkoba, na nakasirika kila mara, si kwa mgonjwa, kwa aliyemuuzia. Hata krimu halali, ikiwekwa saa nzima, inatia ganzi milimita chache tu za ngozi. Uvimbe wako uko ndani zaidi, kwa hiyo itapunguza mchomo wa kwanza tu, wa ndani haigusi. Lakini dawa hiyo inaingia kwenye damu. Ukiipaka eneo kubwa na kufunga nailoni, joto na unyevu huivuta ndani zaidi, kisha daktari anakuongezea lignokaini nyingine kwa sindano bila kujua ulichokuja nacho mwilini. Ikizidi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, mwili hutetemeka, kisha degedege, na moyo unaweza kusimama.

Sikutishi. Marekani wasichana wawili, wa miaka 22 na 25, walijipaka miguuni krimu kali za ganzi kabla ya kuondolewa nywele kwa leza, wakajifunga nailoni. Wote wawili walipata degedege, wakazimia, wakafariki. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilirudia onyo lake, safari hii ikiwalenga pia wanawake wanaojipaka matiti kabla ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti.

Nailoni ileile ndiyo anayokufundisha muuzaji wako. Tyubu nyingi ninazoletewa hazina hata asilimia ya dawa, wala namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa Tanzania. Na si wagonjwa wangu tu: saluni zinawapaka wateja kabla ya kutoa nywele za mwilini, wachora tatuu wanapaka mgongo mzima, na hakuna anayeuliza mteja ana kilo ngapi au ana ugonjwa wa moyo. Anayekuuzia dawa bila kuuliza hayo hajui anachouza.

Siku ya kipimo nenda na titi safi, bila krimu yoyote. Kama ulishajipaka, osha sasa hivi kwa maji na sabuni, na ukifika mwambie nesi kabla hajafungua sindano: ulipaka kiasi gani, saa ngapi, na umpe tyubu aisome.