Mikanda ya bei nafuu ya saidimaunti: nini ukague, nini ubadili, nini uache

Mkuu, umeuliza kama ile seti ya saidimaunti (mikanda na kibofu cha mpiga mbizi anayebeba mitungi ya hewa ubavuni badala ya mgongoni) isiyo na jina inayouzwa mtandaoni inafaa kwa mitungi miwili ya alumini ya lita 11 kwenye maji ya joto, na kama haifai, ibadilishwe nini. Jibu fupi: mara nyingi inafaa, mradi kibofu chake, yaani mfuko wa hewa unaokuelesha majini, kinashika hewa. Mikanda ni nailoni tu, inakatwa na kubadilishwa kwa fedha kidogo. Kibofu kilichoachia mshono hakina dawa. Kwa hiyo anza na kibofu kabla hujashika mkasi.

Kijaze mpaka vali ya usalama ianze kutoa hewa yenyewe, kisha kiache ndani ya nyumba usiku kucha. Usikiache juani: jua likizama hewa inapoa, kibofu kinalegea, nawe unadhani kinavuja. Kikilegea kweli, pakaa maji ya sabuni kwenye shingo ya paipu, kwenye vali za kutolea hewa, mwisho kwenye mishono ya kuchomelea. Mapovu yakitoka kwenye vali, ifungue, osha mpira wake na mahali unapokalia; mara nyingi ni chembe ya mchanga. Mapovu yakitoka kwenye mshono wa ukingoni, rudisha mzigo kwa muuzaji. Kiraka hushika katikati ya kitambaa, lakini ukingoni hakidumu, kwa sababu hapo ndipo kitambaa huvutwa kila unapojaza hewa.

Namba ya kilo za kuelea iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini, ipime. Funga kibofu kwenye mikanda yake kama utakavyokivaa, toa hewa yote, halafu mimina maji kwa jagi la lita moja hadi kijae. Kila lita ni kama kilo moja ya kuelea. Kikipimwa kikiwa huru kitakudanganya, maana mikanda ikikibana kinapungua.

Unahitaji kilo ngapi? Mtungi wa alumini wa lita 11.1 ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa) unabeba hewa yenye uzito wa karibu kilo 2.7. Ukiwa umejaa unazama kwa zaidi kidogo ya nusu kilo. Ukikaribia kwisha unaelea kwa karibu kilo 2. Kwa mitungi miwili, mwanzoni mwa mbizi una kilo 5 na ushei za hewa ambazo zitaondoka, na juu yake ongeza kilo moja au mbili ambazo suti ya milimita 3 hupoteza ikibanwa na kina. Lita 10 za kweli zinatosha. Chini ya 8, iache. Na usivutiwe na kibofu cha kilo 20: kikubwa kisichojaa hubaki na mikunjo, hewa inajificha humo, na ukivuta kamba ya kuitoa haitoki.

Kitufe cha kujazia hewa ndicho sehemu ya hatari kuliko zote. Kiunganishe na paipu ya hewa, kizamishe kwenye beseni, kibonyeze na kukiachia mara nyingi mfululizo. Kikichelewa kufunga hata mara moja, badilisha kitufe kizima, usijaribu kukilainisha kwa mafuta. Angalia pia kama paipu ya kawaida ya koti la kuelea inaingia. Seti nyingine huja na kichwa cha ajabu kisichopokea paipu nyingine yoyote, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutoinunua.

Sasa vyuma. Watu hukimbilia sumaku, ila sumaku ina mtego wake. Chuma cha pua cha daraja la 304 kikishapindwa kinaweza kuvutwa kidogo na sumaku, na bado ni kizuri. Kinachovutwa kwa nguvu ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Kisichovutwa kabisa nacho kinaweza kuwa shaba iliyopakwa, au zinki ya kuyeyushwa ambayo huvunjika ghafla. Kipimo bora ni kufunga kila pete kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari kwa siku tatu. Madoa ya kahawia pale pete ilipochomelewa yakisuguliwa yakatoka, si neno. Ngozi ikibanduka, tupa. Kulabu za springi zinazouzwa kwa kamba za mbwa na mbuzi ni hiyo hiyo zinki, zisibebe mtungi. Tafuta za chuma cha pua, urefu wa sentimita 9 hadi 10, zenye kidole kinachofunguka hata mkono ukiwa na glavu.

Mkanda wenyewe uwe na upana wa sentimita 5 na ugumu wa kusimama ukiushika mwisho mmoja kama rula. Kata kipande kidogo, kikamue ndani ya maji ya sabuni hewa itoke, kisha kiachie. Kikielea ni polipropilini, ambayo huteleza kwenye slaida (kile kibao cha chuma chenye matundu kinachoshikilia pete mahali pake). Nailoni na poliesta huzama. Kuna wanaoshauri mkanda wa gari kwa kuwa ni imara. Imara ni kweli, lakini ni mwembamba na laini, una upungufu wa milimita kadhaa, na pete zinalala kifuani badala ya kusimama ukizitafuta kwa kidole.

Bizimu za plastiki mabegani zitoe, mkanda upite mzima bila kiungo. Kiunoni weka bizimu ya chuma ya mkanda wa risasi (vipande vizito vya madini vinavyomsaidia mpiga mbizi kuzama). Ukihitaji tundu kwenye mkanda, tumia msumari uliopashwa moto, usitoboe kwa mkasi: moto huziba nyuzi. Pa kushona mpe fundi viatu au fundi makochi, uzi wa nailoni mnene, mraba wenye alama ya X ndani. Uzi wa pamba huoza.

Upimaji wa mwili. Makutano ya mikanda mgongoni yakae katikati ya mabega, kama upana wa kiganja chini ya ule mfupa uliochomoza shingoni. Bamba la nyuma likae pale mgongo unapoishia, juu tu ya makalio, na mkanda wa kiuno ushike mifupa ya nyonga, si tumbo. Seti za bei nafuu hukatwa kwa mtu mrefu, kwa hiyo mkanda wa uti wa mgongo karibu kila mara unahitaji kufupishwa. Usipoufupisha, bamba linashuka na mkanda wa kati ya miguu unaning'inia bila kazi. Ngumi ipite kwa shida chini ya mkanda wa bega. Ukijikumbatia usibanwe. Usikate ncha mpaka umeshaingia majini mara kadhaa, maana nailoni ikilowa huongezeka urefu kidogo.

Tatizo ambalo watu wengi hulaumu seti nzima kwalo ni mitungi kuinua mikia. Chanzo chake ni hiki: seti nyingi zina reli au pete nyuma kabisa ya makalio. Pale panafaa mitungi ya chuma, ambayo ni mizito hadi mwisho. Mtungi wa alumini hewa ikipungua unaanza kuelea kwenye kitako, na kwa kuwa umefungwa nyuma, mkia unapanda juu ya mgongo kama mkia wa nge. Dawa ni kuongeza pete mbili za D kwenye mkanda wa kiuno, moja kila upande, mbele kidogo ya mshono wa pembeni wa suti. Zisibanwe kabisa: weka slaida mbili zenye nafasi ya sentimita 8 hivi kati yake, pete itembee humo. Mwanzo wa mbizi iko nyuma, mtungi ukifika karibu bar 100 wewe unaisukuma mbele kwa mkono na mkia unashuka. Ukipenda pete zisizotembea, weka jozi mbili na uhamishe kulabu. Ni kazi zaidi kwa mikono, lakini hakuna kitu cha kukwama.

Kulabu ya chini ifungwe kwenye bendi ya mtungi (mkanda unaouzunguka mtungi) kwa kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5, kamwe si chuma kwa chuma, ili ikikwama ikatwe kwa kisu. Kamba iwe fupi, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye bendi hadi kulabu. Ikiwa ndefu, mtungi mwepesi unapanda kwa urefu huo huo. Kama huna bendi ya mkanda, klipu za chuma cha pua za kubana paipu za radieta zinafaa, ila mzunguko wa mtungi huu ni karibu sentimita 58, hivyo utaunganisha mbili. Fungia skrubu zake kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli, la sivyo zitakukwaruza.

Mahali pa bendi: simama umevaa, mtu akushikilie mtungi shingo yake ikiwa kwapani, uweke alama pale pete ya nyonga inapougusa. Kisha rekebisha majini:

– Vali inakugonga kidevuni: sogeza bendi kuelekea vali kwa sentimita 2.
– Vali imerudi nyuma ya kwapa: sogeza bendi kuelekea kitako.
– Vali inaning'inia chini ya kifua: kamba ya mpira ya juu imelegea.
– Huwezi kuitoa vali kwa mkono mmoja: imekaza mno.
– Mkia uko juu wakati mtungi umejaa: pete iko nyuma mno, au kamba ya kulabu ni ndefu.

Kamba ya mpira inayoshika shingo za mitungi ndiyo ya kwanza kubadilisha, hata kama inaonekana mpya. Iliyokuja na seti kwa kawaida ni laini mno. Tumia ya milimita 8 yenye ala ya kusukwa. Ianzie mgongoni kwenye makutano ya mikanda, ipite chini ya kwapa, iishie kwenye pete ya kifuani. Anza na mita 1.5 kwa kila upande, funga fundo, jaribu, fupisha kwa sentimita 2 kila mara. Ukishakata fupi hakuna kurudi. Vipande vya tyubu ya pikipiki vinafaa kushikilia paipu na tochi, lakini shingo ya mtungi usiviachie: jua na chumvi huvipasua bila kukuonya, wakati kamba yenye ala huanza kwanza kuchakaa nje ukaiona.

Weka pia kulabu ndogo ya pili kwenye shingo ya kila mtungi, kwa kamba, ikae kwenye pete ya kifuani. Mpira ukikatika mtungi hauanguki. Na kwenye boti ndogo, ambako utaruka kwanza halafu ukabidhiwe mitungi majini, unanasa kulabu hiyo ndipo unatulia na kufunga mengine.

Kibofu kupanda pembeni na kujikunja mgongoni kunatibiwa kwa kamba ya mpira ya milimita 4 inayovuta kingo zake kuelekea mkanda wa kiuno. Ukitaka kutoboa ganda la nje kwa ajili ya kamba hiyo, toa kibofu cha ndani kwanza, na hili lisisahaulike. Kama ni cha tabaka moja, toboa tu ile pindo iliyo nje ya mshono wa kuchomelea. Kama pindo haipo, kiache.

Risasi: vipande vya kilo moja moja kwenye mkanda wa uti wa mgongo, si kiunoni. Pima ukiwa mita 3 hadi 5, mitungi yote miwili ikiwa na bar 50, kibofu kitupu. Ukitulia pale bila kupanda, imetosha.

Mitungi ya kukodi hutofautiana urefu na vali. Muulize mwenye nayo kama ana vali za kushoto na za kulia. Zikiwa zote za upande mmoja, kifungulio cha mtungi mmoja kitaelekea mwilini, na itabidi uizungushe bendi mpaka mkono ukifikie. Na umbali wa bendi uupime daima kutoka shingoni, usiupime kutoka kitakoni, kisha uuandike kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa bendi yenyewe.