Dogo, umepima? Yaliyonikuta fildi

Kama unasoma uhandisi wa elektroniki au kompyuta na fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) inakaribia, ngoja nikusimulie siku tatu nilizopoteza.

Nilipangiwa karakana ndogo Dar es Salaam. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kupima maji ya tanki na kumtumia mwenye nyumba SMS yakipungua. Mezani kilifanya kazi vizuri. Tulipokifunga kwa mteja, bondeni, kila kilipotaka kutuma ujumbe kilijizima na kujiwasha upya. Programu niliiandika mimi, basi nikajua kosa ni langu. Nikaiandika upya. Nikaiandika tena. Siku ya tatu fundi mkuu akaja na kikombe chake cha chai: "Dogo, umepima?"

Nikapima kwa multimita: volti 4, hazitikisiki. Akacheka, akaenda kuleta osiloskopu, kifaa kinachochora kwenye skrini volti zinavyobadilika. Hapo ndipo nikaona volti zinavyozama kila kifaa kinapotuma. Moduli tuliyotumia kutuma SMS kwa mtandao wa simu, SIM800L, ikiongea na mnara huweza kuvuta hadi ampea 2, lakini kwa vipindi vifupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Multimita haina mbio hizo, inakupa wastani tu. Mezani hatukuyaona kwa sababu tulitumia pawa saplai kubwa na mtandao ulikuwa mzuri. Kule bondeni mtandao ni hafifu, kwa hiyo moduli inapaza sauti ili isikike, na kupaza sauti kunakula umeme. Dawa ikawa kapasita (hutunza umeme kidogo na kuutoa papo hapo) ya maikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli, pamoja na nyaya fupi nene badala ya zile nyembamba za bredibodi, ubao wa kujaribia saketi bila kulehemu. Programu haikuguswa hata mstari mmoja.

Wiki iliyofuata salio lote la kifaa likaisha kwa usiku mmoja. Safari hii nilijiona mjanja: nikabadilisha kihisi, nikalehemu upya viungo vyote. Wapi! Maji yalikuwa yanachezacheza palepale kwenye kiwango nilichoweka, na kila yakishuka kidogo SMS inatoka. Tiba ilikuwa mistari michache ya programu: onyo litoke maji yakishuka chini ya asilimia 20, lisitoke tena mpaka kwanza yapande kuvuka 30.

Kwa hiyo ukifika, omba ukae na fundi anayepokea vifaa vilivyorudishwa vibovu. (Kufagia utafagia pia, usinune.) Ukitafuta kosa badilisha kitu kimoja tu, jaribu, ndipo uguse kingine, mimi nilikuwa nabadilisha vitano kwa mpigo. Na kwenye daftari la fildi usiandike ulichofanikiwa peke yake, andika na kilichogoma. Msimamizi wangu wa chuo alipokuja kukagua, kurasa zote za "leo nimejifunza kulehemu" alizipita harakaharaka. Akasimama kwenye mchoro wangu wa volti zinazozama, akavuta kiti.