Maswali na Majibu: Ukuta Ambao Leonardo Hakuumaliza

Je, ni kweli kwamba Leonardo da Vinci alilipwa na serikali kwa picha ambayo hakuimaliza?

Ni kweli. Mwaka 1503 Jamhuri ya Firenze, dola ya mji huko Italia, chini ya kiongozi wake Piero Soderini, ilimpa kazi ya kupamba ukumbi wa Baraza Kuu kwa picha ya vita vya Anghiari, ambako Wafirenze waliwashinda Wamilano mwaka 1440. Michelangelo alipewa sehemu nyingine ya ukumbi huohuo, naye hakuvuka hatua ya mchoro wa karatasi, yaani ule unaotangulia kupaka rangi ukutani.

Mkataba haukuwa na masharti?

Ulikuwa nayo, tena makali. Hati ya tarehe 4 Mei 1504, ambayo Niccolò Machiavelli, ofisa wa serikali ya Firenze, alikuwa miongoni mwa mashahidi wake, ilimtaka Leonardo akamilishe mchoro wa karatasi ifikapo mwisho wa Februari 1505, huku akipokea florini (sarafu za Firenze) 15 kila mwezi, na akishindwa arudishe fedha zote na kuukabidhi mchoro kama ulivyo. Hata hivyo, hati iliacha mwanya: akiwa ameshaanza kupaka rangi ukutani, muda ungeweza kuongezwa. Kwa maoni yangu, walioiandika walimfahamu vyema fundi wao.

Kazi iliharibikia wapi?

Fresko, picha ya ukutani ya kawaida wakati ule, hupakwa juu ya lipu ikiwa bado mbichi, kwa hiyo mchoraji hulazimika kwenda haraka. Leonardo, aliyependa kuirudia kazi yake polepole, alichagua rangi za mafuta. Mwandishi mmoja wa karne ya 16 asiyejulikana jina anasimulia kwamba aliwasha moto wa makaa ili kuukausha ukuta, sehemu ya chini ikakauka, lakini joto halikufika juu. Leonardo mwenyewe aliandika daftarini kwamba Ijumaa, tarehe 6 Juni 1505, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kupaka, hali ya hewa ilichafuka, mchoro ukachanika, chombo cha maji kikavunjika, na mvua kubwa ikanyesha hadi jioni.

Mbona hakubanwa?

Alibanwa, ila aliyembana hakuwa na nguvu za kutosha. Mei 1506 aliruhusiwa kwenda Milano kwa miezi 3 tu, na asiporudi alipe faini ya florini 150. Gavana Mfaransa wa Milano akaomba aongezewe muda, na Oktoba Soderini akaandika kwa uchungu kwamba mtu huyu amepokea fedha nyingi na kuanza kidogo tu kazi iliyo kubwa. Mwezi Januari 1507 Mfalme Louis XII wa Ufaransa akasema yeye mwenyewe anamhitaji Leonardo. Na Firenze, iliyoutegemea ulinzi wa Wafaransa, isingeweza kumnyima.

Je, picha hiyo inaonekana leo?

Haionekani. Mchoraji Giorgio Vasari aliupamba ukumbi upya baada ya mwaka 1560. Sehemu ya katikati tunaijua kwa nakala, mojawapo ikiwa ile iliyopitiwa na mkono wa mchoraji Rubens na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris: wapanda farasi wanne wanagombea mti wa bendera, na farasi wao nao wanang'atana.