Gesi ya AC haiishi, inavuja

Kaskazi ikianza kuvuma, kwenye Desemba hivi, simu yangu haipumziki. Iwe inatoka Raskazone, Chumbageni au Makorora, mitaa ya hapa Tanga, maneno ni yaleyale: "Fundi, njoo utujazie gesi, imeisha." Mteja ameshapima ugonjwa, ameshaandika dawa, mie nimebakiziwa kupiga sindano. Na miaka yangu ya mwanzo ndivyo nilivyofanya kazi. Nafika na mtungi begani, nafunga mpira wa geji ya presha, najaza mpaka bomba litoe jasho, nachukua changu naondoka. Kaskazi ya mwaka wa pili ikirudi, na mie narudi.

Aliyenizindua ni bibi mmoja wa Chumbageni, mwalimu mstaafu. Nilimjazia gesi miaka mitatu mfululizo. Mara ya tatu, nikiwa bado juu ya ngazi, akaniuliza, "Mwanangu, gesi hii anainywa nani?"

Nikamjibu kwamba inatumika, bibi, kama mafuta ya gari.

Akacheka. "Friji yangu ya jikoni nilinunua kabla sijastaafu, haijaomba gesi hata siku moja. Yenyewe haitumii?"

Sikuwa na jibu. Nilishuka ngazi nikiwa nimeinama.

Bibi alikuwa sahihi. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kwenye koili ya ndani, lile bomba lililokunjwakunjwa, inachemka na kuwa mvuke, na kuchemka huko ndiko kunakobeba joto la chumba. Kompresa inaukandamiza mvuke ule na kuupeleka koili ya nje, unatua joto lake, unageuka kimiminika, unarudi ndani kuanza upya. Hakuna mahali inapoungua wala kuliwa. Mashine ya miaka kumi isiyovuja ina gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo fundi akikwambia imepungua, swali la kumuuliza ni moja tu: imetokea wapi?

Lakini kabla hatujafika kwenye tundu, tuulizane kama kweli imepungua. Simu nyingi za Desemba ninazozifuata nakuta filta imefunga vumbi kama zulia, au koili ya nje imejaa manyoya, majani na chumvi. Hewa isipopita, AC haipoozi, na bomba linaweza hata kushika barafu. Watu wakiona barafu wanadhani mashine imepona kupita kiasi. Barafu ni dalili ya ugonjwa, ama hewa haipiti ama gesi ni pungufu. Osha filta kwanza, acha mashine itembee robo saa, kisha weka kipimajoto panapoingia hewa na kingine panapotoka. Ukipata tofauti ya nyuzi 8 hadi 12, gesi usiiguse. Kwa unyevu wa hapa kwetu tofauti inaweza kuwa ndogo kidogo, kwa sababu nguvu nyingine inakwenda kwenye kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje yanatoka huko. Na kila ukifunga geji na kufungua unapoteza gesi kidogo. Kuna mafundi wenzangu wana ulevi wa geji, hawawezi kusalimia AC bila kuifunga.

Tuseme umehakikisha ni pungufu. Sasa tafuta tundu.

Tanga ni mji wa bahari, na bahari haina urafiki na mashine ya nje. Koili ile ni bomba la shaba lililovishwa mabawa membamba ya alumini. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, moja hulika, na hapa inalika alumini. Nyumba za Raskazone zinazopokea upepo moja kwa moja kutoka majini, nimeona mabawa yamegeuka unga mweupe, ukigusa kwa kidole yanamwagika. Ninachowaambia wenye nyumba hizo ni kuimwagia mashine ya nje maji ya bomba kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, kwa mpira wa kumwagilia bustani, si kwa ile mashine ya kuoshea magari inayolaza mabawa.

Hata hivyo, pa kwanza pa kushuku ni kwenye nati, pale mabomba yanapoungana na mashine. Huko mdomo wa bomba la shaba hupanuliwa kama tarumbeta ndogo na kubanwa na nati. Ukiupanua vibaya unapata ufa usioonekana kwa macho. Ukikaza sana, shaba inakuwa nyembamba na kukatika, ukilegeza, inapumua. Tafuta alama ya mafuta, maana gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, na vumbi hunasa hapo. Kisha paka povu la sabuni ya vyombo na usubiri kwa utulivu. Tundu dogo halichemshi povu, linatoa kipovu kimoja baada ya dakika. Angalia pia ile valvu ndogo ya kuchomekea geji, iliyo kama ya tairi la baiskeli. Kifuniko chake nacho ni kizuizi, na wengi huondoka nacho mfukoni.

Kwa bibi, ufa ulikuwa kwenye nati ya bomba kubwa, nyuma ya mashine ya ndani. AC ile nilikuwa nimeifunga mwenyewe.

Tundu lisipoonekana kwa presha iliyobaki, ondoa gesi, ikusanye kwenye mtungi wake kwa mashine ya kukusanyia, kisha jaza naitrojeni kavu kwa hatua hatua, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Iache saa kadhaa uone kama sindano inashuka. Nasema naitrojeni. Oksijeni ya kuchomelea usiisogeze kabisa, kwa sababu oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Na upepo wa kompresa ya gereji unaingiza unyevu ambao baadaye utahangaika kuutoa.

Unyevu huo ndio unaonileta kwenye pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote ndani ya mabomba, kifaa kinachorukwa kuliko vyote. Mie nilikuwa natumia kompresa ya friji bovu kunyonya hewa, na siku nyingine hata hiyo sikutumia; nilifungulia gesi kidogo ipulize hewa itoke upande wa pili, nikafunga nati. AC ilipooza, mteja akafurahi, na kompresa ikafa baada ya miaka miwili watu wakalaumu umeme. Mafuta yanayotumika kwenye mashine za R410A na R32, aina mbili za gesi nitakazozitaja tena mbele, hunywa maji kama sifongo. Maji yakishaingia kwenye mafuta yanazaa asidi, na asidi inakula nyaya za mota ndani ya kompresa. Pampu haiyafyonzi maji kama mrija wa soda. Inapunguza presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Hewa tunayoishi ndani yake ina presha ya milimita 760 za zebaki, nasi tunashuka mpaka mikroni 500, yaani nusu milimita. Geji ya kawaida haioni tofauti ndogo hivyo, ndiyo maana kipo kipimo chake cha dijitali. Ukifika hapo funga pampu, subiri dakika kumi. Namba ikipanda kidogo na kutulia, unyevu bado upo. Ikipanda bila kusimama, una tundu. Wakati wa masika mie huiacha pampu itembee muda mrefu zaidi, mteja akinuna namwomba chai.

Sasa kujaza. Hapa ndipo mizani ilipobadilisha kazi yangu, na niliijulia Lushoto, si Tanga.

Huku pwani AC nyingi ni za baridi tu. Kule milimani, Juni na Julai, mtu analala na mablanketi matatu, kwa hiyo familia moja ilinunua mashine ya joto na baridi, ile inayoitwa pampu ya joto. Ni AC ileile, ila ina valvu ya kugeuza njia ya gesi: ukitaka joto, koili ya ndani inapokea gesi ya moto iliyotoka kwenye kompresa, na koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi. Kijana mmoja aliitwa kuikagua, akafunga geji ya bluu kwenye bomba kubwa, mahali tunapofunga siku zote. Alizoea kuona kama psi 120 hivi, maana ndiyo presha ya R410A inayopooza vizuri. Sindano ikapita 350. Akashtuka, akajua gesi imezidi, akaifungulia itoke. Akaachia mpaka sindano ikasoma 120, akajisifu. Usiku ule nyumba haikupata joto, na asubuhi haikupata baridi.

Simcheki. Ningekuwa mie kabla ya bibi wa Chumbageni ningefanya hivyohivyo. Bomba kubwa ni la presha ndogo mashine inapopooza. Ikipasha joto, bomba hilohilo ndilo linalobeba gesi ya moto yenye presha kubwa, na 350 au zaidi ni kawaida yake. Presha inabadilika kwa jua, kwa ukungu, kwa kitufe cha rimoti. Uzito haubadiliki. Kilo moja ni kilo moja Tanga saa nane mchana na Lushoto alfajiri.

Kwa hiyo nilikusanya kilichobaki, nikapiga vakyumu, nikasoma kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje: aina ya gesi na gramu zake. Nikaongeza ya mabomba marefu. Mashine nyingi hutoka kiwandani na gesi ya kutosha mita 5 hivi za bomba, na zaidi ya hapo kila mita ina gramu zake, mara nyingi kama 20. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Mtungi ukakaa juu ya mizani, mizani ikasoma sifuri, nikafungua mpaka gramu zikatimia. Mwenye nyumba alishangaa sikuigusa sindano. Nilimwonya na jambo jingine: usiku wa baridi na ukungu koili ya nje inaweza kushika barafu, na mashine itajigeuza yenyewe dakika chache kuiyeyusha. Mvuke utapanda kama sufuria ya wali. Asiite zimamoto.

Kuhusu aina za gesi nitasema kwa ufupi. R22 ni gesi moja, ya mashine za zamani. Inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi kama yetu zinaifunga mlango mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, kwa hiyo huingizwa ikiwa kimiminika, mtungi kichwa chini, ili mchanganyiko usivurugike. Anza kompresa ikiwa imezimwa, na kama kuna salio liingize kidogokidogo, kwa maana kompresa haitafuni kimiminika. R32 inashika moto kidogo: usivute sigara, na usichomelee bomba lenye gesi ndani. Hizi tatu hazibadilishani nyumba. Na kuziachia hewani si mchezo: kilo moja ya R410A inapasha dunia kama zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. R32 ni kama kilo 675, ni afadhali, lakini afadhali si ruhusa.

Kwa wapangaji wanaohama na AC zao, neno moja la hatari. Kurudisha gesi kwenye mashine ya nje ni kazi nyepesi: mashine ipooze, funga valvu ya bomba dogo, subiri kompresa inyonye, funga la bomba kubwa, zima mara moja. Lakini kama kuna nati imelegea, au mtu akafungua bomba kompresa ikiwa bado inazunguka, hewa inaingia, inachanganyika na mafuta, inakandamizwa, na kompresa inaweza kulipuka kama bomu. Nati haiguswi mpaka swichi kuu izimwe.

Wewe mwenye nyumba huhitaji kujua haya yote. Fundi akifika, mkaribishe, mpe maji, kisha mwulize mizani yake iko wapi na pampu ya vakyumu iko wapi. Akisema yeye anajua kwa kushika bomba, nami nilikuwa najua hivyohivyo. Mwambie asome kibandiko kwa sauti. Kibandiko kikiwa kimefutika kwa jua, aitafute modeli kwenye kitabu, asikisie. Akiongeza gesi bila kukuonyesha ilipovuja, andika tarehe, maana mtaonana tena. Na uiangalie LUKU yako: mashine yenye gesi pungufu haizimi, kwa hiyo yuniti zinakwenda mbio na chumba bado cha moto.

Mie siku hizi kila nikimaliza huandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mashine: tarehe, aina ya gesi, gramu nilizotia, na nati niliyoibadilisha. Kwa bibi niliandika ubavuni kwa nje, na ndani ya miezi minane chumvi ilikuwa imekula wino wote. Nikayaandika upya ndani ya kifuniko cha nyaya, na ndiko ninakoandika siku hizi. Kaskazi mbili zimepita tangu nirekebishe nati yake, na maandishi bado yanasomeka. Namba ya gramu haijaongezwa nyingine chini yake.