Kabla Hujanunua Jambia la Bwana Misitu wa Kijerumani

Baba yangu, kabla hajastaafu, alikuwa bwana misitu kule Shume, juu ya Lushoto. Silaha yake ya kazi ilikuwa panga lenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa hiyo siku nilipoona kwenye soko la vitu vya zamani hapa Wuppertal, Ujerumani, jambia lenye mpini wa pembe ya ayala, limepigiliwa matunda matatu ya mwaloni yanayong'aa kama dhahabu, na muuzaji akaniambia ni la bwana misitu, nilicheka kwa sauti. Bwana misitu gani anaingia porini na kitu kama hiki? Halafu nikatoa euro 380. Nilipigwa, na nitawaeleza nilivyopigwa.

Wajerumani wanaliita Hirschfänger, yaani kikamata ayala. Zamani, wakuu walipokuwa wakiwinda kwa farasi na mbwa, mnyama alikimbizwa mpaka akachoka, mbwa wakamzingira, kisha mwindaji akamsogelea na kummaliza kwa upanga huo mfupi. Bunduki zilipokuwa za uhakika, kazi hiyo ikaisha, lakini upanga haukutupwa. Ukafupishwa, ukapambwa, ukawa sehemu ya sare. Mwaka 1848 mapinduzi yaliwanyang'anya mabwana wakubwa haki ya kuwinda kwenye mashamba ya watu wengine, uwindaji ukawafikia wenye duka na wenye kiwanda, nao wakataka kupendeza kama wakuu. Majambia mengi utakayokutana nayo mezani ni ya kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 19 na kuendelea: ya kuvaa kwenye sherehe, kama sikukuu ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji, tarehe 3 Novemba. Mengi hayakuwahi kunolewa. Ukikuta lenye makali ya kunyolea ndevu, jua kuna mtu amelichezea.

Sasa lile la kwangu. Muuzaji alikuwa na hadithi tamu: babu yake, msitu wa mfalme, nguruwe mwitu aliyejeruhiwa. Mimi nikasikiliza badala ya kutazama. Nilipofika nyumbani nikalilaza juu ya kitambaa cheupe chini ya taa, ndipo likaanza kusema lenyewe. Bapa lake lina sentimita 34, ala yake ina 41, na ukilitikisa ncha inacheza humo ndani kama kokwa la embe kavu. Shaba ya mpini ilikuwa na weusi wa chai ya rangi, ile ya ala ilikuwa njano tupu. Kisha nikageuza mpini. Upande wa nyuma, mahali ambapo tunda la mwaloni limekazwa, palikuwa na skrubu ya kufungulia kwa bisibisi ya nyota. Skrubu hizo zilianza kuenea miaka ya 1930, kutoka Marekani. Babu wa yule bwana, kwa hesabu ya hadithi yake, alikuwa kaburini tayari.

Jambia lililounganishwa vipande si takataka, ila bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, lichomoe na kulirudisha taratibu. Jambia na ala vilivyozeeka pamoja vinaingiliana bila kubishana. Tazama pale bapa linapokutana na kikingio cha mkono, ambacho mara nyingi kina umbo la kombe la pwani: pakiwa na mwanya mpya au gundi, weka chini. Pitisha ukucha kwenye michoro ya ayala na mbwa. Michoro ya zamani ilichomwa kwa tindikali, ina kina kisicho sawasawa, mahali pengine imefutika kwa kushikwashikwa. Ikiwa sawa kila mahali kama kadi ya harusi, shaka.

Watu wengi wanakimbilia chapa ya kiwanda kwanza. Mimi naiweka mwisho. Ni kweli nyingi zinapendeza: Eickhorn wana kindi, Krebs wana kaa, Coppel wana mizani, WKC (Weyersberg, Kirschbaum & Cie) wana kichwa cha mfalme na cha askari mwenye kofia ya chuma. Wote ni wa Solingen, mji wa visu, ambao jina lake lililindwa kwa sheria mwaka 1938 ili asilitumie yeyote tu. Lakini kugonga chapa kwenye chuma si kazi ngumu kwa fundi mwenye njaa, na majambia mengi halisi hayana chapa yoyote, au yana jina la duka lililoyauza tu.

Badala ya kukariri chapa, nenda ukaangalie vitu halisi mpaka macho yazoee. Mimi nilikuwa napanda treni ya hapa Wuppertal inayoning'inia chini ya reli yake, hadi Vohwinkel, kisha basi la umeme hadi Gräfrath, kwenye Deutsches Klingenmuseum, makumbusho ya visu na panga yaliyo ndani ya nyumba ya watawa ya zamani. Nilienda mara nne kabla ya kununua la pili. Ningeenda hata mara moja kabla ya lile la kwanza, ningebaki na nauli ya kwenda Tanga.

Mipini myeupe ina mambo yake. Muuzaji atakwambia ni pembe ya ndovu. Washa tochi ya simu uangalie kitako cha mpini: pembe ya ndovu huonyesha mistari inayokatana kama wavu wa dagaa. Mfupa huwa na vidoti vidogo vyeusi. Seluloidi, plastiki ya zamani ambayo ndiyo utaiona sana, ina mistari iliyonyooka kupita kiasi, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto inatoa harufu ya kafuri. Ikiwa ni pembe ya ndovu kweli, tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya unadai cheti ili kuuza hata kitu cha kale. Mimi sizigusi hizo, kuwe na cheti au kusiwe. Pembe za karne ya 19 nyingi zilipita Zanzibar, na tunajua zilifikaje pwani na nani alizibeba mabegani.

Kuna na yale ya enzi za Wanazi: la chama cha wawindaji la 1936 na la mabwana misitu la 1938. Bei zake ni za juu, na kwa sababu hiyohiyo ndiko feki zilikojazana. Kuonyesha alama zao hadharani hapa Ujerumani ni kosa, kifungu 86a cha sheria ya jinai, ndiyo maana wauzaji huzibandika karatasi. Kuna wanaoyakusanya kwa ajili ya historia, sawa. Nyumbani kwangu hayaingii.

Ukishanunua, usitembee nalo mkononi kwa furaha. Kubeba silaha ya namna hiyo barabarani ni kosa, na tangu 2024 sheria za visu kwenye treni na kwenye sherehe zimekazwa zaidi. Lifunge ndani ya kasha linalofungwa kwa kufuli, uende nyumbani moja kwa moja.

Na usilisafishe! Hapa ndipo nilipofanya upuuzi wangu wa pili. La pili nililinunua euro 220, safi, kila kipande ni chake. Shaba ilikuwa imefifia. Nikakumbuka bibi alivyokuwa aking'arisha masinia yake kwa ndimu na majivu, nikakaa jikoni nikasugua kombe lile kwa bidii zote. Liling'aa kweli. Asubuhi nikaona kitambaa kina rangi ya dhahabu. Shaba ile ilikuwa imepakwa dhahabu nyembamba, ikakaa miaka zaidi ya 100, mimi nikaimaliza kwa ndimu moja. Mzee mmoja mkusanyaji niliyempelekea aliishika, akanirudishia bila neno, akaenda kuchemsha kahawa.

Siku hizi napaka bapa mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa laini, basi. Ala ya ngozi naihifadhi kando, kwa sababu ngozi inanyonya unyevu na asidi iliyomo ndani yake inaamsha kutu.

Juzi nilimwonyesha baba hilo la pili kwa video. Nililigeuza polepole, nikamwonyesha ayala, matunda ya mwaloni, kombe lililopauka. Akasogeza simu karibu na uso.

"Sasa mwanangu, hilo linakata nini?"

"Halikati kitu, baba. Halijawahi kunolewa."

Akakaa kimya kidogo.

"Basi hilo si la bwana misitu. Hilo ni la bosi wake."