Mwanangu alizaliwa anaangalia dari, na cherehani haikuhusika

Juzi kaja mteja wangu kuongezewa gauni kiunoni, mimba ya wiki 36, macho mekundu. Kliniki wamemwambia mtoto kichwa kiko chini sawa, ila kisogo kimeegemea mgongo wa mama, na alivofika nyumbani wifi yake akamwambia ndo faida ya kushinda kwenye kochi na simu. Nikamwambia kaa hapo mdogo wangu, gauni baadae.

Maana mimi yalinikuta kwa mtoto wa kwanza. Dalili zote nilikuwa nazo ila nani aliniambia? Mateke yote mbele, hapa kwenye kitovu tumbo limebonyea kama kisahani, na nesi akitafuta mapigo ya moyo anahangaikaa mpaka anayakuta ubavuni huko. Nilikuwa najua akitanguliza kichwa basi kazi imeisha, kumbe kuna kutanguliza kichwa na kuna kukitanguliza vizuri. (Msichanganye na kutanguliza makalio, hiyo habari nyingine kabisa.)

Kawaida mtoto anatakiwa aangalie mgongo wa mama, kidevu kakikunja kifuani, hapo kipimo cha kichwa kinachopita ni kama sentimita 9.5. Akikaa kinyume, uti wa mgongo wake umegusana na wa kwako, kidevu hakikunjiki vizuri na kipimo kinaweza kufika sentimita 11.5. Mimi ni fundi, sentimita 2 naijua inavoweza kuharibu suruali ya mtu, sasa fikiria kwenye nyonga.

Kwa nini wengine wanakaa hivo? Kwanza kondo, lile linalomlisha mtoto tumboni. Likijishika ukuta wa mbele wa kizazi, mtoto anaweza kuishia kulielekezea uso na mgongo kuuegemeza nyuma, na mimi ultrasaundi ya mimba ile iliandika hivohivo, kondo mbele, ila hakuna aliyenieleza maana yake. Pili nyonga, manake hatukuumbwa sawa, kuna wenye nyonga ndefu toka mbele kwenda nyuma kuliko upana wake, na kuna iliyobana kwa mbele, kichwa kinaenda kwenye nafasi. Mimba ya kwanza nayo huwa inachangia. Na wengine hakuna sababu inayoonekana, mtoto kaamua tu.

Lile la mikao ndo linalonikera. Ni kweli kuna wakunga, hasa wa New Zealand, waliofundisha sana kwamba mama asijiegemeze nyuma, akae ameinamia mbele, na wazo lenyewe lina mantiki. Lakini Australia wakalipima, majibu yalitoka 2004, wanawake zaidi ya 2,500, nusu yao kuanzia wiki ya 37 wakawa wanapiga magoti na kushika chini kwa mikono dakika 10 mara mbili kwa siku. Siku ya kuzaa hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na wasiofanya. Kwahiyo mama mkwe wangu aliyesema ni kigoda cha cherehani, na shangazi aliyesema nililala chali, nimewasamehe wote wawili.

Uchungu wenyewe ulinianza saa 4 usiku, na sikujua kama ni uchungu. Tumbo kimya, mgongo kwa chini hapa kama unapasuliwa na tindo. Nikajua UTI, nikanywa maji nikalala, yaani nusura nijifungulie nyumbani na UTI yangu. Ukiwa umefikisha miezi na mgongo unabana na kuachia, unabana na kuachia, hesabu dakika, usisubiri tumbo.

Kilichonisaidia ni mama yangu. Alinipigisha magoti niinamie kitanda, akawa anakandamiza pale juu ya makalio kwa kiganja, kwa nguvu haswa, kila ukibana. Sio kupapasa, kukandamiza. Na kitambaa cha maji ya moto. Hapo kupiga magoti kuna faida, kunapunguza maumivu ya mgongo hata kama hakumgeuzi mtoto. Kulala chali kwangu ilikuwa adhabu.

Wodini nikapata tatizo lingine, nikawa nasikia kusukuma mapema, kichwa kinagandamiza nyuma unahisi kama haja kubwa, kumbe njia imefunguka sentimita 7 tu. Nesi akanikataza kwa ukali, nilimchukia, ila alikuwa sahihi, ukisukuma njia haijafunguka inaweza kuvimba. Nilijifungua saa 11 jioni kesho yake, kawaida, nesi anasema huyu katoka anaangalia dari.

Ila wengi hawafiki huko. Kati ya wanawake 100 wanaoanza uchungu, 15 mpaka 30 hivi mtoto anakuwa amekaa hivo, wanaozaliwa hivohivo ni 5 mpaka 8 tu. Wengine wanageuka wenyewe humohumo kwenye uchungu, karibu nusu duara. Ndo maana unachelewa, na ndo maana unatakiwa uwe hospitali, kwa sababu asipogeuka unaweza kuhitaji vakyumu (kile kifaa cha kumvuta mtoto kichwani) au upasuaji.

Kwahiyo nikamkataza yule mdada mambo mawili tu. Asikubali mtu kumkanda tumbo eti anamgeuza mtoto, na asinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu hata akichoka vipi, kizazi kinaweza kupasuka. Nikamwonyesha na pa kukandamiza, akampigia mume wake aje, nikamwonyesha na yeye, kaka wa watu kaona aibu mbele ya wateja lakini kajifunza.

Mimba yangu ya pili kondo lilikaa nyuma. Kigoda kilekile, cherehani ileile, tena msimu wa sikukuu nashona mpaka usiku wa manane, na mtoto alikaa vizuri.