Kwa nini vipimo vya mwili viliachwa, alama za vidole zikabaki

Mkuu umeuliza kwa nini polisi waliacha kupima watu miili wakahamia kwenye vidole, wakati vipimo 11 vya mtu mmoja haviwezi kufanana na vya mwingine. Na ukauliza kama alama ya kidole huwa inakosea. Nimefanya kazi ya kuchukua alama miaka 14, kwanza za wino, baadaye za mashine, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Kwenye mafunzo, mkufunzi alimkalisha mwenzetu kwenye kiti, akatupa kaliperi (kifaa cha mikono miwili cha kubana na kupima) tumpime urefu wa kichwa, kuanzia juu ya pua hadi kisogoni, kila mtu kwa zamu bila kuonyeshana. Tulikuwa 6. Kichwa kimoja kikatoa majibu manne tofauti! Mmoja alibana mno, mwingine aliogopa kumuumiza. Tulipohamia kwenye mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ikawa vurugu tupu, maana jamaa akikunja kiganja kidogo tu jibu linahama.

Alphonse Bertillon, karani wa polisi Paris aliyeanza kuunda utaratibu huo wa kupima miili mwaka 1879, alikuwa na shida ya kweli. Mhalifu akikamatwa mara ya pili anataja jina jipya, na picha zimejaa makabatini bila mpangilio wowote. Yeye akapanga kadi kwa urefu wa kichwa (kifupi, cha kati, kirefu), kila fungu akaligawa tena kwa upana wa kichwa, kisha kidole cha kati, hivyo hivyo hadi ubaki na droo yenye kadi chache. Mwaka 1883 akaanza kuwanasa waliobadili majina. Binafsi naona kazi yake kubwa ilikuwa lile kabati kuliko kaliperi.

Sasa ile hesabu ya kwamba vipimo 11 haviwezi kufanana. Ukisema kila kipimo kinapatikana kwa mtu 1 kati ya 4, vipimo 11 vinakupa 1 kati ya zaidi ya milioni 4. Inavutia, ila inadhani vipimo havihusiani. Mtu mrefu kwa kawaida ana mkono mrefu na unyayo mrefu, kwa hiyo unapima jambo lile lile mara tatu. Mwanasayansi Mwingereza, Francis Galton, aliliona hilo mapema. Halafu kijana bado anakua. Na mwizi haachi urefu wa mkono wake kwenye kioo cha dirisha.

Kidole hakipimwi, kinajichapa chenyewe. Mwaka 1892 huko Argentina, njia ya ofisa wa polisi Juan Vucetich ilitumika kwenye kesi ya mama aliyewaua wanawe wawili akamsingizia jirani. Alama ya kidole chenye damu ndiyo iliyomuumbua. Na mfumo wa kupanga kadi ulioitwa wa Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal huko India, ambao Scotland Yard (polisi wa London) waliuchukua mwaka 1901, sehemu kubwa ya hesabu zake ilifanywa Bengal na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Majina yao hayatajwi sana, inaniudhi.

Ila usidhani kuchapa ni rahisi. Dole gumba unalibingirisha kuelekea mwilini mwa mtu, vidole vingine kwenda nje, kwa sababu mkono unalegea njiani badala ya kukaza. Mtu akikusaidia kusukuma, wino unavuruga. Namkumbuka fundi ujenzi mmoja ambaye saruji ilikuwa imemlamba vidole hadi kadi ikatoka na madoa meusi matupu. Alikaa wiki kadhaa bila kushika saruji, mistari ikarudi ile ile.

Kuhusu kukosea: mistari haibadiliki, anayekosea ni anayeisoma. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni Madrid, FBI (wapelelezi wa serikali ya Marekani) walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko ni ya wakili mmoja wa Marekani. Akashikiliwa kama wiki mbili. Polisi wa Hispania wakampata mwenye alama, raia wa Algeria, na FBI wakaomba radhi. Ukishaiona kadi ya mshukiwa, jicho linaanza kuokota yanayofanana tu.

Ndiyo maana mimi kadi naigeuza kifudifudi. Kwanza naiangalia alama ya eneo la tukio peke yake, naweka nukta kila mstari unapokatika au kugawanyika, naandika idadi. Hapo ndipo naigeuza kadi, na nukta mpya siongezi.